Njugu mawe zangu haziivi, nimekosea wapi?

SWALI: Nimenunua njugu mawe Dodoma, nikaziloweka usiku mmoja, nikazibandika na nyanya na chumvi. Saa tatu nzima motoni, bado zinagonga jino. Niweke magadi?

JIBU: Magadi yaache, ndugu msomaji. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1. Kosa ni nyanya: ukali wake hukaza ganda na kiini, na ukwaju hufanya vivyo hivyo. Njugu zilizokaa muda mrefu ghalani penye joto nazo huwa sugu, kwa hiyo uliza ni za msimu gani.

Loweka vikombe viwili kwa saa 24, ukibadilisha maji mara mbili. Yale ya kahawia ya njugu nyekundu yamwage, yana ukakasi. Chemsha kwa vikombe sita vya maji matupu, moto wa wastani, na ukiongeza maji yawe ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, bonyeza moja kwa vidole: isagike yote, bila chembe ngumu katikati. Hapo ndipo chumvi, kitunguu na nyanya viingie, kisha tui jepesi la nazi moja. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, ukikoroga lisikatike.

Protini ya njugu mawe ni takriban asilimia 20, yenye lisini nyingi, kijenzi cha protini ambacho mahindi na mtama vina upungufu nacho. Zile mbichi, chemsha na maganda yake kwa chumvi. Ni tamu mno.