Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Atakaa na Msichana wa Kiyahudi

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Brandeis, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, naye amearifiwa kwamba atakaa chumba kimoja na msichana wa Kiyahudi anayeshika Sabato. Sisi ni Waislamu na hatujapata kuishi na Wayahudi. Naomba kujua wanafunzi hao huishi vipi chuoni, mwanangu atakula nini, na iwapo habari za Gaza hazitawagombanisha. (Mama wa mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na hongera kwa binti. Jambo litakalomgusa kwanza ni Ijumaa. Sabato huingia jua linapokuchwa na kutoka Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana, na kwa desturi mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Mwezi Septemba hilo halina taabu. Lakini Desemba, jua la Boston na miji jirani kama Waltham, kilipo chuo hicho, huzama yapata saa 10 na robo alasiri, kwa hiyo mwanafunzi mwenye kipindi cha mchana hutoka darasani mbio ili awahi kuoga, kubadili nguo na kumaliza kila kazi inayohitaji umeme.

Tangu hapo, anayeshika Sabato kwa ukamilifu hawashi taa wala hazimi, hagusi simu wala kompyuta, haandiki, hapiki, wala hapandi gari. Taa ya bafuni huachwa ikiwaka usiku kucha, swichi ikabandikwa utepe ili mtu asiibonyeze kwa mazoea, na balbu ndogo ya ndani ya jokofu hutolewa mapema, kwa kuwa kufungua mlango tu kungeiwasha. Milango ya bweni inayofunguka kwa kadi ya elektroniki nayo ni tatizo, na vyuo vingine huwapa wanafunzi hao ufunguo wa kawaida. Binti yako anaweza kutumia taa kwa haja zake mwenyewe. Asishangae tu mwenzake asipomwomba moja kwa moja amwashie, kwani sheria yao humkataza kumtuma mtu mwingine afanye kazi ambayo yeye mwenyewe amekatazwa.

Hata hivyo, Wayahudi wengi chuoni hawashiki haya yote. Wapo wanaosali Ijumaa jioni kisha wakaenda sinema, na wapo wasiosali kabisa ila hawakosi karamu ya Sabato, ambako makundi yaliyosali mbalimbali, yaani madhehebu ya Kiyahudi ya Waorthodoksi, Wakonsavativu na Wareforma, hukutana mezani kwa mkate wa kusukwa na kuku. Karamu hizo mara nyingi huandaliwa na Hillel, jumuiya ya wanafunzi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, au na nyumba za Chabad, harakati ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, na wageni hukaribishwa. Binti akialikwa aende, na akibaki hadi Jumamosi usiku ataona Sabato ikiagwa kwa kisanduku cha viungo kinachopitishwa watu wanuse. Mara nyingi ndani yake mna karafuu.

Kuhusu chakula, Brandeis ina sehemu ya kulia inayotoa chakula cha kosheri, yaani kinachofuata sheria yao: nguruwe hamna, samaki ni mwenye mapezi na magamba tu, nyama huchinjwa na mchinjaji maalumu, nayo haichanganywi na maziwa hata katika vyombo. Wanazuoni wengi huhalalisha nyama hiyo kwa kutegemea aya ya 5 ya Sura Al-Maida, lakini mwulize sheikh unayemwamini. Jambo moja lisisahaulike: divai kwao si haramu, na inaweza kuwamo hata kwenye mchuzi, kwa hiyo binti aulize kabla ya kupakuliwa.

Ama kuhusu Gaza, sitakuficha: tangu Oktoba 2023 vyuo vya Marekani vimekuwa na mvutano mkali. Wanafunzi wengi wa Kiyahudi walilalamika kutukanwa na kutengwa. Wakati huohuo, katika mahema ya waandamanaji waliotetea Wapalestina Chuo Kikuu cha Columbia, Aprili 2024, walikuwamo Wayahudi walioandaa humohumo karamu yao ya Pasaka. Brandeis yenyewe iliondoa utambuzi wa kikundi cha wanafunzi wanaotetea Wapalestina mnamo Novemba 2023. Ushauri wangu ni kwamba binti asidhani anajua msimamo wa mwenzake kwa sababu ya dini yake, na mazungumzo hayo yasiwe ya wiki ya kwanza.

SWALI: Kwa nini Wayahudi wa Marekani walianzisha chuo chao, Brandeis, ilhali vyuo vilikuwa tele? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa sababu milango ya vyuo hivyo haikuwa wazi kwao. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza Wayahudi wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi. Pendekezo lilikataliwa, lakini likarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kupima eti tabia na asili ya mwombaji, na idadi yao ikashuka. Brandeis ilifunguliwa mwaka 1948, ikapewa jina la Louis Brandeis, Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na tangu mwanzo ilipokea wanafunzi wa dini zote. Vizuizi kwingineko viliondoka polepole baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na leo Hillel ipo hata Harvard.