Nyama ya Krismasi iliyooza, na binti niliyemsingizia

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, dada wa Mbeya aliyeolewa Kibosho. Aliandika: "Dada, mwaka huu wakwe wamesema Krismasi inafanyika kwangu. Watu hamsini. Nipe ratiba yako, nisije nikaaibika." Nikaanza kumjibu kwa simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Ratiba ninayo, na ni nzuri. Lakini ningempa ratiba bila kumsimulia Krismasi ya 2024 ningekuwa nimemdanganya.

Mimi nimezaliwa Lushoto, nimeolewa Marangu. Ukiolewa Uchagani umeolewa na Desemba yake pia. Watu wa Dar es Salaam wanafanya utani kwamba ifikapo tarehe 20 jiji linabaki na nafasi ya kupaki, lakini ukiwa ndani ya ukoo unaelewa kwa nini watu wanajibana mwaka mzima wapate nauli. Kihamba, yaani ardhi ya ukoo yenye nyumba na migomba, si shamba tu. Ndipo baba mkwe alipozikwa, na baba yake, na ndipo wazee wanapokaa wakihesabu nani amefika na nani hajafika. Watoto wanabatizwa Desemba, wanaooa wanaoa Desemba, wenye ugomvi wa mipaka wanapatanishwa Desemba. Usipoenda mwaka mmoja unaulizwa. Miaka miwili, wanaanza kuulizana wao kwa wao.

Mimi ni mke wa mtoto wa kwanza. Mama mkwe magoti yalipoanza kumsumbua alinikabidhi jiko mbele ya watu wote, nami nililipokea kama mtu anayepokea cheti. Nasema ukweli wangu: nilitaka sana kuonekana. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimesikia maneno ya pembeni, "huyu wa Tanga", "hawa wa kuja", na wifi yangu mmoja hakuwahi kunisifia hata chumvi. Nikasema mwaka huu watakula mpaka waseme wenyewe.

Tulisafiri tarehe 22. Safari ya Dar mpaka Moshi mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Ila kuna mahali pamoja pananiuma kila mwaka, nako ni Mombo. Basi linapita njia panda ya Lushoto, nami nageuka dirishani kuangalia ile barabara inayopanda milimani, kwa sababu huko juu mama yangu mzazi naye anakula sikukuu bila mimi. Tangu niolewe nimekula naye Krismasi mara mbili tu. Mwaka huo, kiti cha nyuma yangu alikaa dada wetu wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Kondoa, amempakata mwanangu mdogo aliyelala. Yeye ni Mwislamu, Krismasi si sikukuu yake, lakini mama yake alikuwa Kondoa kama wangu alivyokuwa Lushoto, na alikuwa hajamwona tangu Januari. Niliangalia mlima wangu nikasikitika kimoyomoyo. Yeye sikumuuliza.

Tarehe 23 asubuhi nilishuka Himo nikanunua nyama ya ng'ombe kilo 20, ya pilau na ya mtori. Mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, alikuwepo tayari, huyo ni kazi ya wanaume. Nikaipanga nyama kwenye friza iliyopo stoo, nikafunga kifuniko, nikamwambia kila mtu asifungue mpaka siku yenyewe ili baridi isitoke. Tarehe 24 tulikula ndizi na maharage, tukaenda ibada ya mkesha, tukarudi tunaimba barabarani na tochi za simu. Ulikuwa usiku mzuri sana. Migomba ilikuwa imetulia, kengele ya usharika wa jirani inasikika ng'ambo ya korongo, watoto hawataki kulala.

Siku ya Krismasi tulitoka ibada ya asubuhi, nikavua viatu, nikavaa khanga, nikaenda stoo na beseni. Nilipoinua kifuniko harufu ikanipiga usoni. Nyama yote ilikuwa imebadilika rangi, chini kuna maji mekundu ya uvuguvugu. Plagi ya friza ilikuwa sakafuni, imechomolewa.

Nje kulikuwa na watu zaidi ya arobaini. Sufuria la maji ya pilau lilikuwa linachemka. Wifi yangu alisogea mlangoni, akaziba pua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viti: "Nyama ya watu. Kilo ishirini." Hakuongeza neno. Hakuhitaji.

Nami nikageuka nikamtafuta binti. Alikuwa anamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Nikamwambia mbele ya wote kwamba ni yeye, amechomoa friza ili achaji simu yake, kwamba nimemlea kama mwanangu naye ananilipa hivi. Akasema, "Mama, mimi sijaingia stoo." Nikamjibu, "Kwa hiyo nimechomoa mimi?" Watu wakanyamaza. Akaweka kisu chini taratibu, akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, akakaa huko mpaka jioni. Chakula hakula. Mimi nilihudumia wageni nikitabasamu.

Krismasi yenyewe iliokolewa na majirani. Mama mmoja wa nyumba ya juu alileta paja zima la ng'ombe aliyechinjwa kwao, mwingine kuku wanne, tukaongeza maharage, ndafu ikakatwa vipande vidogo kidogo. Watu walishiba. Mpaka leo wapo wanaosema ilikuwa sikukuu nzuri.

Tarehe 26 binti alikuja na mfuko wake wa nguo akaomba nauli ya kurudi kwao. Nikamwambia tutaongea tukifika Dar. Yaani nilimzuia kuondoka kwa sababu kulikuwa na ubatizo siku hiyo na nilihitaji mikono yake.

Tarehe 27 usiku, binti yangu mkubwa alikuwa ananionyesha video alizopiga. Kuna moja ya tarehe 23 jioni. Niko stoo napiga pasi nguo za kwaya za watoto, naimba pambio, nacheka na kamera. Stoo ile ina soketi moja tu inayofanya kazi. Waya wa pasi umeingia kwenye soketi ile. Na pembeni ya mguu wangu, sakafuni, plagi ya friza.

Niliiangalia mara tatu. Kisha nikamwambia mtoto aifute, iko gizagiza.

Hapo ndipo pabaya kuliko nyama, kuliko hata maneno niliyomwambia binti siku ile. Siku ya kwanza nilikuwa sijui. Siku ya tatu nilijua, nikalala, nikaamka, nikamtuma maji ya kuoga kama kawaida. Tarehe 28 nzima nilijipa sababu: wageni wanaondoka, nitamwongezea mshahara, nitamnunulia simu mpya, mambo yatapita yenyewe. Ndugu zangu, mtu mzima akikosea, akili yake inafanya kazi usiku na mchana kutafuta namna ya kulipa fedha badala ya kusema neno.

Jumapili tarehe 29 tukaenda ibadani. Wakati wa sadaka nikasimama na bahasha yangu, ya shukrani ya mwaka, nimeijaza vizuri. Nikiwa kwenye mstari likanijia lile neno la Yesu katika Mathayo sura ya 5, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Nimelisikia tangu Shule ya Jumapili, nimelifundisha mimi mwenyewe kwa watoto. Siku ile miguu ilikataa. Nilitoka kwenye mstari nikarudi kwenye benchi na bahasha yangu mkononi, na mume wangu ananiangalia.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mama mkwe kila kitu. Nilitarajia anikaripie. Akanyamaza muda mrefu, akashika fimbo yake, akaenda mpakani mwa kihamba ambako kumepandwa masale, akakata jani moja, akaja akanipa. Kwa wasiojua: sale ndilo jani la msamaha la Wachaga. Ukimpelekea mtu sale, hata awe amekosewa kiasi gani, mila haimruhusu kukataa. Nimeshaona ugomvi wa ardhi wa miaka mingi ukiishia kwenye jani lile.

Nikamfuata binti kwenye jiko la nje. Nikapiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili. Akalipokea, akaligeuza, akaniuliza, "Hili la nini, mama?"

Hakujua. Ni mtu wa Kondoa, atalijuaje? Nilikuwa nimemletea jani ambalo lingemfunga Mchaga asikatae, lakini kwake lilikuwa jani tu, na alikuwa huru kabisa kunikatalia. Ilibidi nifungue mdomo. Nikasema: "Friza nilichomoa mimi. Nilijua tangu juzi. Nikakuacha uendelee kubeba jina la mwizi wa umeme." Akalia, nami nikalia. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Nimekusamehe, mama. Ila wale waliosikia siku ile hawapo hapa leo."

Alikuwa sahihi. Nusu ya ukoo ilikuwa imesharudi Dar, Arusha na Mwanza. Nilimsema mbele ya watu arobaini, halafu naomba msamaha jikoni tukiwa wawili. Jioni ile nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili, nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, nikamtaja kwa jina kwamba hana kosa. Shemeji wakubwa walijibu vizuri. Mdogo wake mume wangu alimpigia binti mwenyewe akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba. Wifi yangu alisikiliza, alama za bluu zilionekana, na mpaka leo hajaandika kitu. Inaniuma. Nimemwachia Mungu, lakini inaniuma.

Sasa nirudi kwako, dada yangu wa Kibosho, na wengine wote mnaojiandaa kupokea ukoo, maana najua sote tunataka jambo lile lile: wakwe waseme kweli huyu ni mke.

Nyama usinunue tarehe 23. Nunua tarehe 24 asubuhi, uichemshe siku hiyo hiyo kwa chumvi na tangawizi mpaka ikauke maji, ipoe, ndipo uiweke kwenye friza. Hata umeme ukikatika usiku kucha haitakutupa. Bandika selotepu juu ya plagi ya friza na uandike USICHOMOE. Jioni ya tarehe 24 nenda uiangalie mwenyewe. Usimtume mtu.

Kisha mwangalie aliye jikoni kwako. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona kwenye nyumba nyingi za waumini, tena wazee wa kanisa. Tunaimba habari za Mariamu aliyemlaza mwanawe kwenye hori kwa kukosa nafasi, na ndani ya nyumba zetu kuna binti anayelala stoo karibu na magunia, anakula baada ya wote, na kitu kikipotea ni yeye, kikivunjika ni yeye. Ni mtoto wa mtu. Kama kijana yule wa Kondoa angeondoka tarehe 26 na mfuko wake, angeondoka na sifa mbaya ambayo mimi niliitengeneza kwa mikono yangu nikipiga pasi nguo za kwaya. Ungekuwa ushuhuda gani huo wa Kristo kwa mtu asiye wa imani yetu?

Na sheria ipo, haikuanza na mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo ya siku 28, na akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa analipwa mara mbili. Tarehe 25 na 26 Desemba zote ni sikukuu. Mimi nilikuwa silijui hilo, au tuseme sikutaka kulijua. Nilipolijua nilikaa naye, tukapiga hesabu ya siku zake, nikamlipa. Tukapatana pia kwamba Idi zote mbili ni zake, haombi ruhusa.

Omba msamaha mapema. Nimesema nyama, nimesema friza, lakini ukiniuliza ratiba yangu ya Desemba sasa inaanza na hilo: kabla ya tarehe 24 nazunguka nyumba nzima, mume, watoto, binti wa kazi, mama mkwe kwa simu, nauliza kama kuna niliyemkosea. Mwaka huu mwanangu wa miaka tisa aliniambia kitu ambacho sikukitegemea, na nikamwomba radhi pale pale, nimesimama na mwiko mkononi. Omba mapema, na kama ulimkosea mbele ya watu, omba mbele ya watu hao hao.

Jana jioni nilikwenda stendi ya Magufuli kukata tiketi. Zetu za Moshi ni za tarehe 21. Ya binti ni ya Dodoma, tarehe 20, ataunganisha gari mpaka Kondoa na kurudi katikati ya Januari. Tumeshakubaliana na mume wangu kwamba wakati wa kurudi tutashuka Mombo tulale Lushoto siku mbili kwa mama. Ndizi za mtori mwaka huu nitamenya mwenyewe, na wifi nimemtumia ujumbe kumwomba aje tarehe 24 mchana tumenye pamoja. Bado hajajibu.