Vilele Vilivyokatwa: Sauti Niliyoipasua kwa Mikono Yangu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nilimrekodi babu akisimulia ujana wake. Kila akicheka, sauti inapasuka. Nimeishusha kwa desibeli 6 lakini bado inakwaruza. Nifanyeje?"

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Kuna wakati na mimi nililiuliza swali hilo hilo, na aliyenijibu alinijibu kwa matusi.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kurekodi kwaya. Nilipanga geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti inapoingia kwenye kinasa, wakati wa mazoezi, waimbaji wakiwa wametulia, wengine wamekaa, nikaridhika. Saa ya kuimba kwa kweli ilipofika, walisimama wakaachia vifua. Taa nyekundu ya kinasa, ile inayoonya kwamba sauti imezidi, ikawaka. Niliiona! Nikajiambia ni mara moja tu, itapita. Haikupita. Siku mbili baadaye kiongozi wao alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua na kusema mbele ya waimbaji wote: "Umetuharibia kazi." Sehemu ya malipo iliyobaki sikuiona, na maneno yale yananiuma hadi leo.

Usiku ule nilifanya ulichofanya wewe: nikashusha sauti. Haisaidii, na ni muhimu uelewe kwa nini. Kinasa huandika sauti kwa namba, maelfu kila sekunde, na kila moja huitwa sampuli. Faili ya biti 16 ina namba kuanzia -32768 hadi 32767, basi. Sauti ikizidi hapo, kifaa hakina namba ya kuiandika, hivyo kinarudia ile ile ya mwisho mpaka wimbi lishuke. Livute wimbi karibu kwenye skrini utaona: palipotakiwa kuwa na kilima, yaani kilele cha wimbi, pamekuwa meza. Ukishusha sauti, unapata meza iliyo chini zaidi. Kilima hakirudi, kwa sababu hakikuandikwa popote.

Programu ya kutengeneza inachofanya ni kukisia. Inatazama mteremko kabla ya meza na mteremko baada yake, kisha inachora kilele kinachoelekea kuiunganisha. Mimi nilitumia Clip Fix iliyomo ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. iZotope RX na Adobe Audition nazo zina vifaa vyao vya kazi hiyo. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, meza ya sampuli 10 haifiki hata robo ya milisekunde, na hapo kisio huwa kizuri ajabu. Meza ikirefuka, kisio kinageuka uongo, na sikio linaujua.

Jaribio langu la kwanza halikubadilisha chochote. Nilikaribia kulia. Kumbe nilikuwa nahangaika na nakala ya MP3, iliyobanwa ili faili iwe ndogo. Ubanaji ule hutikisa sampuli, meza inapata mawimbi madogo juu yake, na programu haitambui tena palipokatwa. Faili ghafi ya WAV ilikuwa bado kwenye kadi, kwa bahati tu. Nilianza upya: nikashusha sauti kwanza ili vilele vipya vipate nafasi ya kupanda, nikaweka kiwango cha kutambua chini kidogo ya meza zenyewe, nikatengeneza kipande kwa kipande. Usiipitishe faili nzima kwa mpigo mmoja. Na utengenezaji huu utangulie kila kitu, kabla ya ikwalaiza inayorekebisha besi na sauti za juu, kabla ya kompresa inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo.

Majuma matatu nilikaa na kazi ile. Beti nyingi zilirudi safi. Noti moja ndefu ya soprano ilikataa kabisa, nikaiazima kutoka kwenye kiitikio kilichorudiwa, na hakuna aliyegundua. Noti ya mwisho haikuwa na pacha, nikaiacha na mkwaruzo wake. Baadaye yule kiongozi aliisikia rekodi ikipigwa mahali akauliza nani kaifanya, maana anamtafuta. Aliambiwa ni mimi. Hajanipigia, lakini nimelala vizuri tangu siku hiyo.

Sasa nisikilizeni, ninyi nyote mnaotaka kuishi kwa kazi hii kama mimi. Rekodini chini! Vilele vikicheza karibu na desibeli -12 vinatosha, maana sifuri ndiyo ukingo. Kwa biti 24, zenye namba nyingi kuliko zile za 16, hakuna sababu ya kuisukuma sauti mpaka ukingoni. Utaipandisha baadaye bila hasara. Mwambieni mwimbaji aimbe pale anapopiga kelele kuliko pote, si pale anaposalimia, ndipo mpange geini. Mnaojivunia vifaa vya biti 32 za kuelea (32-bit float), ni kweli faili yake inaweza kubeba sauti iliyovuka sifuri na mkairudisha, lakini maiki au kikuza sauti cha mwanzo kikishapasua, mnachohifadhi ni mpasuko ule ule. Taa nyekundu ikiwaka, simamisheni kazi. Ombeni radhi, punguzeni, mwanze tena. Aibu ya dakika moja mnaiogopa ya nini? Rekodini chini.

Dada, kicheko cha babu yako ni kifupi, vilele vyake vinapanda na kushuka haraka, kwa hiyo nina matumaini nacho kuliko nilivyokuwa nayo kwa ile soprano. Ila ulichonitumia ni MP3. Nilikuuliza kama faili ya kwanza bado ipo, ukanijibu jana usiku kwamba iko kwenye kadi, na kadi iko ndani ya kinasa sauti. Itoe sasa hivi. Usirekodi kitu kingine juu yake mpaka uinakili mara mbili, kisha nitumie.