Hata waliokataa mapokeo walikuwa nayo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, Wayahudi wa kale walikuwa na haki ya kushika mapokeo ya usafi ambayo hayakuandikwa katika Torati?" Chini ya swali mkaweka Marko sura ya 7, pale Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu wanapowaona wanafunzi wa Yesu wakila bila kunawa mikono. Nimefundisha somo la dini katika shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na swali hili limenigusa panapouma. Kila linapoulizwa, msikilizaji huachwa aamini kwamba upande mmoja ulishika Kitabu na upande wa pili ulishika desturi tupu. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya suala la haki nitajibu lile ambalo hamkuliuliza: mapokeo hayo yalitoka wapi, na ni nani hasa ambaye hakuwa nayo?

Tuanze na kilichoandikwa. Katika Kutoka 30 Musa anaagizwa kutengeneza birika la shaba, na Haruni na wanawe wanawe humo mikono na miguu kabla ya kuikaribia madhabahu, wasije wakafa. Hao ni makuhani, tena wakiwa kazini. Mambo ya Walawi 15:11 inamtaja mwenye kutokwa na kisonono: akimgusa mtu kabla ya kusuuza mikono yake, aliyeguswa ataoga, atafua nguo na kuwa najisi mpaka jioni. Agizo la kwamba mtu wa kawaida, mkulima au mvuvi, anawe kabla ya kula mkate wake wa kila siku halimo. Hapa waliokuwa wakiwapinga Mafarisayo walisema kweli, na Mafarisayo wenyewe hawakulificha. Josephus, Myahudi aliyeandika historia ya watu wake katika karne ya kwanza, anaeleza waziwazi kwamba Mafarisayo waliwapa watu kanuni nyingi walizopokea kwa baba zao, zisizoandikwa katika sheria za Musa, na kwamba Masadukayo walizikataa kwa sababu hiyohiyo.

Lakini fikirini wazo lilivyokua. Hesabu 18 inasema sehemu ya mavuno anayopewa kuhani italiwa na kila aliye safi katika nyumba yake. Kwa hiyo nyumbani kwa kuhani usafi wa hekaluni ulikuwa umekwisha kufika mezani, kwenye mkate na mafuta, mbele ya mke na watoto. Kisha Kutoka 19:6 inaliambia taifa zima kwamba litakuwa ufalme wa makuhani. Mtu akiyachukua maneno hayo kwa uzito, mbona asile kama kuhani? Sioni hila hapo. Naona watu waliotaka utakatifu ushuke kutoka mlima wa Hekalu uingie jikoni, na mimi binafsi nawaheshimu kwa hilo.

Baadaye, Mishna, yaani mkusanyo wa kanuni za marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, ilipokusanywa karibu na mwaka 200, kipimo kilikuwa kimepangwa: robo ya logi ya maji yatosha kunawisha mikono ya mtu mmoja au hata wawili, kiasi cha ujazo wa yai moja na nusu. Ni maji ya kukinga kiganjani. Wanaohubiri kwamba Mafarisayo waliwatwika maskini mzigo wa ndoo na ndoo za maji waangalie kipimo hicho kwanza.

Na haya hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Torati inasema chombo cha udongo kikiingiwa na najisi kivunjwe. Kuhusu chombo cha mawe haisemi neno. Mapokeo yakaamua kwamba jiwe halishiki unajisi, na ndiyo sababu kule Kana, katika Yohana 2, tunaikuta mitungi sita ya mawe. Karakana walimochonga vyombo hivyo zimefukuliwa Hizma karibu na Yerusalemu, na nyingine Reina kule Galilaya. Mabwawa ya kujitakasia yamepatikana kwa mamia, yenye ngazi za kushukia majini. Maarufu zaidi kwangu ni lile la Masada, ngome ya Wayahudi juu ya mlima, lililofukuliwa na Yigael Yadin miaka ya 1960. Marabi walipanda mlima ule katika joto kali wakiwa na kamba zao, wakapima, wakakuta bwawa linatimiza kipimo cha maji kinachotakiwa, seya 40. Ngome hiyo ilianguka mwaka 73 au 74, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Mishna. Mapokeo ambayo hayakuwa yameandikwa yalijengwa kwa mawe na chokaa na watu waliozingirwa na Warumi, mahali ambapo kila tone la maji lilikuwa uhai.

Sasa twende kwa hao wasiokuwa na mapokeo. Msomaji wa haraka hudhani waliosema "Torati peke yake" walikuwa wepesi zaidi. Tazameni mabishano ya ng'ombe mwekundu wa Hesabu 19, aliyechomwa ili majivu yake yawatakase waliogusa maiti. Mafarisayo walisema kuhani aliyekwisha kuoga anaweza kumchoma siku hiyohiyo. Masadukayo walisema lazima jua lizame kwanza. Mishna inasimulia kwamba kuhani wa kazi hiyo alitiwa unajisi makusudi kisha akaoga, ili mbele ya watu wote ionekane kwamba maoni ya Masadukayo hayafuatwi. Na katika magombo ya Qumran, maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, barua iliyotoka pango la 4 inashika msimamo uleule wa jua kuzama, kisha inaongeza kwamba maji yakimiminwa kutoka chombo safi kwenda chombo najisi, unajisi hupanda na mkondo mpaka kwenye chombo cha juu. Hilo limeandikwa wapi katika Torati? Halikuandikwa. Waliokataa mapokeo ya jirani walikuwa na ya kwao, tena magumu kuliko yale waliyoyakataa.

Karibu na kwetu wapo Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, walioishi karne nyingi bila Mishna wala Talmudi, kitabu kikubwa cha marabi kinachoifafanua Mishna. Wanawake wao walikaa katika kibanda cha pembeni wakati wa hedhi, na baada ya kujifungua walitengwa siku 40 kwa mtoto wa kiume na 80 kwa wa kike, kama Walawi 12 inavyohesabu. Walipohamia Israeli, kwa wingi katika miaka ya 1984 na 1991, walikuta marabi wenye utaratibu tofauti kabisa. Hata hivyo kibanda chenyewe, umbali wake na nyumba nyingine na namna ya kumpelekea mama chakula humo, ni wazee waliopanga. Musa hakuandika.

Naandika haya nikiwa na msiba mmoja mbele ya macho, na nawaomba mnivumilie niusimulie.

Alifariki babu yangu mdogo, kijijini kwetu wilaya ya Muheza. Sisi ni Waanglikana wa vizazi kadhaa, lakini liko jambo ambalo kanisa halikulileta wala halikuliondoa: anayetoka makaburini haingii uani kabla ya kunawa. Karai huwekwa penye njia ya kuingilia, maji yake yametiwa majani ya mwarobaini, na kando yake huketi mtoto mwenye kata. Hakuna maneno yanayosemwa. Unanawa, unakung'uta mikono, unapita kwenda kuketi mkekani. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, udongo ulikuwa mzito, na vijana waliofukia kaburi walirudi wana tope mpaka magotini. Miongoni mwao alikuwamo binamu yangu, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha Biblia. Alifika kwenye karai akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hatanawa, kwa kuwa maji yale ni mapokeo ya wanadamu, na akataja sura na mstari.

Nyuma yake alikuwapo mjomba, mzee wa kanisa, mtu ambaye sikumbuki hata siku moja akikosa ibada. "Mwanangu, una tope," akamwambia.

"Nitanawa bombani, mjomba."

Bomba lilikuwa nyuma ya nyumba, na hakuna njia ya kufika huko isipokuwa kupita uani. Mjomba akamtazama mkono. "Na hiyo pete uliyovalishwa mbele ya kasisi, imeandikwa sura ya ngapi?"

Watu wa nyuma wakaguna kwa kuridhika. Lakini binamu alijibu kwa adabu kabisa. "Pete ni desturi tu, mjomba. Asiyeivaa hatumwiti najisi. Mimi nikiingia bila kunawa maji haya, mtaniita nani?"

Hakuna aliyejibu. Msururu ulikuwa umerefuka mpaka barabarani. Wazee wa upande wa pili, waliokuja kwa gari kutoka Korogwe, hawakuelewa kilichotuzuia wakadhani kuna mgeni wa serikali anayesubiriwa. Mtoto wa kata alikuwa ameishikilia kata ile juu, maji yakichuruzika kwenye kiwiko, hajui kama amimine au ateremshe mkono. Kutoka ndani bibi, mjane mwenyewe, akatuma mjukuu aulize mbona watu hawaingii na wali unapoa. Aliyetumwa akarudi na jibu ambalo sikulisikia. Mwishowe binamu na wenzake kadhaa wakazunguka kwa upande wa migomba, wakapenya kwenye uzio na kuingia. Wali na maharage vikapakuliwa kwenye masinia. Walionawa walikaa mikekani. Sinia la wale wengine likajikuta chini ya mwembe, na mpaka leo simjui aliyeamuru lipelekwe huko. Kasisi alipofika akakuta duara mbili. Alikula na wazee, kisha akaenda kunywa chai na vijana. Jioni hiyo bibi hakula na upande wowote. Kwenye arobaini, binamu alituma rambirambi na hakuja, na mjomba hakuuliza.

Tangu siku ile nimesimama upande wa mjomba. Kwa hoja ya pete bado nipo naye, na nina sababu zaidi kuliko alizokuwa nazo yeye. Hesabu 19 inasema aliyegusa maiti ni najisi siku saba, na anyunyiziwe maji ya majivu ya ng'ombe mwekundu siku ya tatu na ya saba. Hekalu likachomwa mwaka 70, na majivu hayo hayapo tena. Wayahudi wanaotoka makaburini leo hunawa mikono kwa maji ya kawaida. Andiko haliwezi kutimizwa, na pale lilipokuwa limesimama ni mapokeo yaliyobaki yakikumbuka kwamba kifo ni jambo zito. Bila wazee, mstari ule ungebaki kwenye karatasi peke yake.

Lakini jibu la binamu halikupata jibu, na ninapoliandika hapa naliona zito kuliko lilivyoonekana siku ile. Ziko habari mbili katika vitabu vya marabi ambazo nataka wasomaji waziweke pamoja. Ya kwanza ni ya Rabi Akiva. Talmudi inasema alikuwa gerezani, akiletewa maji kwa kipimo. Siku moja mlinzi akamwaga nusu, na yaliyobaki hayakutosha hata kunywa. Akiva akaagiza apewe anawe kwanza, akisema ni heri afe kuliko kuvunja maoni ya wenzake. Ya pili ni ya Eleazari mwana wa Hanoki. Mishna inasema huyu aliitilia shaka kanuni ya usafi wa mikono, akatengwa, na alipokufa baraza lilituma watu wakaweka jiwe juu ya jeneza lake.

Ni kanuni ileile. Akiva aliitimiza kwa maji yake mwenyewe na kiu yake mwenyewe, na hapo mimi nasimama kwa heshima. Walioweka jiwe waliitimiza juu ya maiti ya mwenzao. Haya ya pili siwezi kuyatetea, hata ningetaka, na siku zote nimetaka.

Rudini sasa kwenye Marko 7 mliyotuwekea. Haisemi wanafunzi wote hawakunawa. Inasema baadhi. Maana yake wengine walinawa, na walikuwa wakila pamoja, mpaka alipotokea wa kuuliza. Katika Luka 11 Yesu mwenyewe anaketi mezani kwa Mfarisayo bila kunawa. Mwenyeji anashangaa, lakini Luka hasemi alimwondoa. Na Yesu anapojibu katika Marko, mfano anaouchagua ni Korbani: mwana anayetamka kwamba mali yake imewekwa wakfu, kisha wazazi wake wanakosa msaada. Amechagua pokeo lililomgharimu mtu mwingine.

Hivyo jibu langu, ambalo si lile nililokuwa nalo nilipoanza kuandika, ni hili. Haki ya kushika mapokeo yasiyoandikwa Wayahudi wa kale walikuwa nayo, maana hakuna kundi hata moja kati yao lililoishi bila mapokeo. Haki ya kumpima kwayo mtu aliyeketi sinia moja nao, hiyo sioni walikoitoa, iwe kwa Musa au kwa baba zao. Katika ugomvi huo mmoja wa mikono, mimi ningekaa na wasionawa, ingawa ningenawa.

Nisinukuliwe zaidi ya hapo. Hedhi, uzazi, ukoma na maiti vina sura nzima za Torati, na anayesema Yesu alivifuta vyote kwa mazungumzo yale ya mikono itabidi aeleze kwa nini katika Marko sura ya 1 anamwagiza mwenye ukoma aliyepona aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa alivyoamuru Musa. Wala sisemi maji ya mwarobaini ya kwetu Muheza ni sawa na maji ya Mafarisayo. Wao walikuwa na Hesabu 19 nyuma yao, sisi tuna bibi zetu. Hilo la pili ni suala la maaskofu wetu, nanyi hamkuliuliza.