Jibu: Je, mzee mchawi wa kwenye runinga ni mzaha tu?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo vichekesho vya runinga vinavyomfanya kila mzee kuwa mchawi vina madhara. Kwetu Malindi jibu ni zito, kwa kuwa katika kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zikifanywa ushahidi, ilhali mara nyingi kinachogombaniwa ni shamba, na wengine wamelazimika kukimbilia makao ya Kaya Godoma, huko Ganze. Sisemi kwamba runinga ndiyo inayoua. Ila humpa mwenye tamaa kisingizio ambacho watazamaji wamekwisha kukizoea. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Watunzi wangemwandikia bibi kizee nafasi nyingine, hata ya kuchekesha.