Hilux ya 5L inakula dizeli: kabla ya kushusha pampu

SWALI: Nina Hilux dabo kabini ya zamani, injini ya dizeli aina ya 5L (ni jina la injini, si lita tano), isiyo na turbo. Nilipoinunua Dar es Salaam ilikwenda kilomita 10 kwa lita. Nimehamia nayo Iringa, na sasa napata 7 tu. Matairi ya 205R16 niliyatoa nikafunga 265/70R16. Ikipanda mlima inatoa moshi mweusi, na mshale wa joto haufiki katikati. Fundi anasema pampu ya dizeli imechoka, anataka kuishusha. Nikubali? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Usikubali kwa sasa. Barua yako ina dalili tatu ambazo hazihusiani na uchakavu wa pampu, na kuzikagua ni nafuu kuliko kushusha pampu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha milimita 743 hivi, la 265/70R16 lina 777. Kila tairi linapozunguka mara moja, gari linakwenda mbele zaidi kuliko dashibodi inavyohesabu, tofauti ya karibu asilimia 4.7. Kwa hiyo 7 yako kwa kweli ni 7.3. Lililobaki ni hasara halisi, na sehemu yake inatokana na matairi mapana, maana ni mazito na yanavuta barabara zaidi. Pima hivi: jaza tangi mpaka bomba la kituo likate lenyewe, tembea kilomita 300 kwenye lami kwa mwendo wa 80, rudi kituo kilekile, gari likae palepale, ujaze mpaka likate tena. Zidisha kilomita za dashibodi kwa 1.047, kisha gawanya kwa lita ulizojaza. Kilomita 300 na lita 43 ni 7.3. Andika namba hiyo, kwa sababu kila utakachorekebisha kitapimwa kwayo. Pia pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lenye upepo pungufu linakula dizeli kimyakimya.

Sasa mshale wa joto. Hapa ndipo tunapokutilia shaka zaidi. Mafundi wengi wa kwetu huitoa themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na kuitupa, wakiamini injini haitachemka tena. Dizeli haina plagi za kuwasha moto; inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kuta za silinda zikiwa baridi sehemu ya mafuta haiungui vizuri. Oili nayo inabaki nzito na injini inajisukuma kwa shida. Dar es Salaam mtu anaweza asione tofauti kubwa. Iringa, kwa baridi ya asubuhi, injini ya aina hiyo inaweza kutembea safari nzima bila kupata joto lake.

Kujua ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, kisha shika mpira wa juu wa rejeta, ukiweka mkono mbali na feni. Mpira unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo na kupanda polepole, themostati imekwama wazi au haipo. Ukinunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga, uone kama inafunguka kwenye nyuzi zilizogongwa kwenye chuma chake. Kijivalvu kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Na anayekuambia kuitoa kunazuia kuchemka, mwambie hivi: sahani ya chini ya themostati hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari lenye mzigo linaweza kuchemka zaidi.

Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyohiyo ilivyo. Pampu iliyokazwa hadi mwisho Dar es Salaam, huko juu itamwaga mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza. Toa eya klina uikague kwanza. Ikiwa imeziba vumbi, badilisha, usiipulize kwa upepo mkali maana karatasi hutoboka na vumbi huingia kula ringi za pistoni. Kisha angalia skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Kiwandani huwa imefungwa kwa lakiri. Lakiri ikiwa imevunjwa, kuna mtu aliikaza kutafuta nguvu. Irudishwe kwenye kipimo chake kwa mashine ya fundi pampu, si kwa kusikiliza mlio.

Breki: tembea kilomita 10, simama bila kukanyaga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, hapo breki inashika. Nyuma, kebo ya hendibreki iliyoshika kutu ndiyo mkosaji wa mara kwa mara.

Mvujo: tandika kadibodi chini ya injini usiku mzima. Angalia mipira midogo ya riteni (inayorudisha dizeli iliyozidi) juu ya nozo, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda, na sehemu ya mbele ya pampu karibu na kava la belti. Sili ya shafti ya pampu ikivuja, dizeli inalowesha belti ya taimingi, na belti iliyolowa haidumu.

Hayo yote yakiwa sawa ndipo uende kwenye nozo. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi avae miwani, afunike nati ya bomba la nozo kwa kitambaa, ailegeze kidogo, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio wake haubadiliki ndiyo mbovu. (Kipimo hiki ni cha pampu za aina yako tu. Kwenye D-4D, injini mpya zaidi za Toyota, na dizeli nyingine za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote) ni marufuku kabisa, presha yake inapita baa 1,000 na dizeli inaweza kupenya ngozi.) Nozo zote zipimwe kwenye mashine: zirushe ukungu, si mkondo. Presha ikishikiliwa chini kidogo ya ile ya kufungukia, ncha isidondoshe tone kwa sekunde 10. Wakati wa kurudisha, weka washa (pete za kuzibia) mpya.

Taimingi, yaani wakati pampu inaposukuma mafuta, hupimwa kwa dayal geji (saa ya kupimia) nyuma ya pampu. Ikichelewa, gari linakuwa zito na asubuhi linatoa moshi mweupe. Mwisho ni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kupitia matundu ya hita plagi (zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha): 5L nzima inatoa kilo 32 hivi kwa sentimita ya mraba, kiwango cha chini ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Ikiwa chini ya hapo, pampu mpya haitakusaidia kitu. Fedha hiyo iweke kwa ajili ya ringi na valvu.

SWALI: Nashauriwa kuchanganya lita moja ya mafuta ya taa kila ninapojaza tangi ili nozo zijisafishe. Ni sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana. Pampu yako inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapunguza ulaini huo na kukwangua vyuma vya ndani vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa. Pia lita yake ina nguvu pungufu kuliko ya dizeli, kwa hiyo ulaji hauboreki. Nozo iliyoganda masizi hushushwa ikasafishwa na kupimwa. Fedha ya mafuta ya taa nunulia filta ya dizeli, na fungua koki ya chini ya filta kila mwezi kutoa maji.