Kwa mnaoanza kuigiza Plautus kwa Kilatini

Mkiigiza vichekesho vya Plautus, mwandishi wa Roma ya kale, swali la kwanza mtakaloulizwa ni hili: watu wataelewaje? Wengi wakiulizwa hivyo hukimbilia kuweka skrini ya tafsiri juu ya jukwaa, mstari kwa mstari. Nawasihi msifanye hivyo. Mtazamaji akishasoma kichekesho kabla mwigizaji hajakitamka, hucheka mapema, na mwigizaji anabaki kusema maneno yake mbele ya watu waliokwisha kucheka. Wekeni muhtasari mfupi kabla ya kila onyesho, basi.

Anzeni na Aulularia. Ni hadithi ya mzee Euclio aliyekuta chungu cha dhahabu nyumbani kwake na tangu hapo hana usingizi. Utangulizi wake husemwa na Lar, mungu wa nyumba, anayeeleza kisa chote. Huo utoeni kwa lugha ya watazamaji wenu. Akimaliza, Euclio anatoka akimfukuza kijakazi wake mzee: "Exi, inquam, age exi!" Hapo nani anahitaji tafsiri? Mzee anasukuma, bibi anang'ang'ania mlango, na ukumbi mzima umeshajua nani anaogopa nini.

Nguvu zenu nyingi zielekezeni kwenye onyesho la chungu kuibiwa. "Perii, interii, occidi! Quo curram? Quo non curram?" Nimekwisha, nimeangamia, nimekufa! Nikimbilie wapi? Nisikimbilie wapi? Euclio anakimbia huku na huku, kisha anawageukia watazamaji: "Quid ridetis?" Mnacheka nini? Anasema anawajua, humo ndani wezi ni wengi. Mwigizaji ashuke jukwaani kabisa, amkazie macho mtu mmoja aliyekaa mbele. Ukumbi ukicheka, asubiri. Plautus aliandika mistari hiyo ili ijibu kicheko, kwa hiyo mkiipitia haraka mmeitupa.

Mizani msiionee uvivu. Kilatini kinatofautisha silabi ndefu na fupi, na mwigizaji asiyezitofautisha huchosha sikio hata la asiyejua neno moja. Mistari ya senari, yaani ya vipimo sita, ilisemwa bila muziki. Mingine mingi, pamoja na kilio hicho cha Euclio, ilisindikizwa na tibia, ala ya mirija miwili inayofanana na zumari. Tafuteni mpigaji tangu mazoezi ya kwanza. Muziki ukikatika, watu wanahisi jambo limebadilika.

Kama bado mnaiogopa lugha ngeni, someni Poenulus, tamthilia yake nyingine. Humo Hanno wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, anaongea lugha ya kwao jukwaani, huku mtumwa Milphio akijifanya mkalimani na kutafsiri upuuzi mtupu. Plautus aliwachekesha Warumi kwa maneno ambayo si yao.

Na msidhani watazamaji wa zamani walikuwa wapole. Hecyra, tamthilia ya Terentius, mwandishi mwingine wa vichekesho wa Roma, ilivunjika mwaka 165 KK, watu wakivutiwa na mabondia na mtembea kamba, ikavunjika tena mwaka 160 KK kwa uvumi wa pambano la gladieta, wapiganaji wa silaha. Baadaye mwaka huohuo ndipo ikachezwa hadi mwisho. Kwa hiyo kateni panapozembea, hasa hotuba ndefu.

Mwisho wa Aulularia umepotea, ila muhtasari wa kale unaonyesha kwamba kijana anayetaka kumwoa binti wa Euclio anaishia kupewa binti huyo pamoja na dhahabu. Wapo wanaotunga Kilatini kipya kuziba pengo. Mimi huona ni bora Lar arudi na kumalizia kisa kwa lugha ya watazamaji.